Hiari ya Muuguzi, Amana ya Mgonjwa

Wahenga waliposema mganga hajigangi, walikusudia kwamba mwenye ujuzi wa kuwaponya wengine huweza kushindwa na maradhi yake mwenyewe. Pengine haikuwajia kuuliza kama mganga huyo ana ruhusa ya kuyabeba maradhi yake hadi kitandani kwa mgonjwa. Swali hilo lilizuka wazi katika mji wa Seattle, nchini Marekani, mwaka 2004, pale hospitali ya Virginia Mason ilipotangaza kwamba kila afanyaye kazi humo, daktari bingwa na mfagizi sawasawa, achanjwe homa ya mafua kila mwaka au aiache kazi.

Hakuna hospitali nyingine nchini humo iliyokuwa imethubutu kutoa amri ya namna hiyo. Kwa kubembelezwa, ni kiasi cha nusu tu ya watumishi waliokuwa wakikubali chanjo. Kwa amri, walichanjwa zaidi ya 97 katika kila 100. Chama cha wauguzi kilipinga. Hoja yake haikuwa kwamba chanjo ni sumu, bali kwamba mwajiri hawezi kuongeza sharti la kazi peke yake bila ya mapatano. Shauri likaenda kwa mwamuzi, kisha mahakamani, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikakipa chama haki. Wauguzi waliokataa chanjo wakavaa barakoa.

Mahakama iliamua juu ya mkataba, haikuamua juu ya maadili. Homa ya mafua ina hila yake: aliyeambukizwa huweza kuwaambukiza wengine tangu siku moja kabla hajahisi lolote. Hivyo hata muuguzi mwema, ambaye angebaki nyumbani mara tu apatapo homa, huwa tayari amemgeuza mzee kitandani, amemlisha, amemfuta jasho. Na mzee huyo hakuuchagua mkono uliomgusa. Aghalabu chanjo yake mwenyewe humkinga kidogo, kwa kuwa mwili uliochakaa hauitikii chanjo kama mwili wa kijana. Amejiweka mikononi mwa wengine kama amana iwekwavyo, na mwenye kupokea amana hana uhuru ule ule aliokuwa nao kabla ya kuipokea.

Hoja hiyo ni nzito, na ingetosha lau chanjo yenyewe ingekuwa imara kama ile ya surua. Sivyo ilivyo. Virusi vya mafua hubadilika, na kila mwezi wa Februari wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana kubashiri vitakavyoenea katika majira ya baridi ya kaskazini. Bashiri ikilenga, hatari ya kuugua hupungua kwa asilimia 40 hadi 60. Ikikosa, kama ilivyokosa mwaka 2014, kinga huwa haba. Huko Marekani msimu huo haikufika asilimia 20. Tafiti za nyumba za wazee nchini Uingereza zilionesha vifo vichache pale watumishi walipochanjwa, lakini baadaye wataalamu wengine walizipinga hesabu hizo, wakisema vifo vilivyodaiwa kuepukwa vilizidi vile ambavyo mafua yangeweza kusababisha.

Nchini Kanada udhaifu huo ulifika mbele ya mwamuzi. Hospitali moja ya Ontario iliweka sharti la kuchanjwa au kuvaa barakoa msimu mzima. Mwaka 2015 mwamuzi James Hayes alilitengua: aliona ushahidi wa faida ya barakoa hiyo kuwa mdogo, na kwamba shabaha hasa ilikuwa kupandisha idadi ya waliochanjwa. Hapa ndipo amri inapopoteza heshima yake. Kitambaa kilichosemwa kuwa kinga ya mgonjwa kilikuwa, kwa hakika, alama ya kumtambulisha mkaidi. Na katika msimu ule ule ambao chanjo ilikaribia kushindwa, aliyechanjwa alipita wadini uso wazi. (Mwaka 2020 korona ilipowafunika watu nyuso, barakoa haikuwa tena alama ya kumtambulisha asiyechanjwa.)

Wajibu na lazima hutumiwa kama maneno pacha, ilhali wajibu ni deni analolitambua mdaiwa mwenyewe, na lazima humjia kutoka nje. Muuguzi anao wajibu wa kuchanjwa. Udhaifu wa chanjo haumfutii, maana hata kinga nusu ni haki ya aliye dhaifu. Lakini mwajiri anayeugeuza wajibu huo kuwa lazima naye ana deni: aseme kweli juu ya kile chanjo inachoweza na isichoweza. Tena Marekani haina sheria ya taifa zima inayomtaka mwajiri amlipe mtumishi anayebaki nyumbani kwa maradhi. Yuko muuguzi aliyechanjwa kama alivyoamriwa, akapata homa hata hivyo, naye anaingia zamu ya usiku kwa sababu siku isiyofanyiwa kazi haina ujira na kodi ya nyumba imefika.