Mume Naye Apimwe: Adabu za Kungoja Mtoto

Mulongwe, hapa Uvira, kama kwingine kando ya ziwa Tanganyika, ndoa haikawii kuanza kuhesabiwa miezi. Mahari ikishalipwa na arusi ikishapita, macho ya majirani huhamia tumboni mwa bibi arusi. Mwaka ukikatika kimya, yeye ndiye hushika njia ya kituo cha afya, mara nyingi peke yake, na karatasi ya kwanza ya labo huandikwa jina lake. Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Mume yuko kazini. Hofu ya vipimo vya uzazi ina mizizi mingi, lakini hakuna unaoinywesha maji kuliko huo wa kumwachia mtu mmoja swali la watu wawili.

Nasaha ya kwanza basi ni ya mume, na ni nyepesi kuliko anavyodhani. Katika takribani nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume una mchango, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Kipimo chake, spermogramu, hakina sindano wala radio. Anahitaji kukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, kisha kikopo kisafi kifike labo ndani ya saa moja, kikiwa kimefichwa karibu na mwili, si juani wala kwenye barafu. Mwanamume anayeishi mbali na labo ni bora aombe chumba palepale kuliko kupanda pikipiki na kikopo mfukoni akitokwa jasho la wasiwasi.

Namba zitakazorudi zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, liliweka mpaka wa chini wa mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na zinazocheza ziwe 42 kwa mia. Mpaka huo ulipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na watano kwa mia kati ya hao walikuwa chini yake. Hao nao walikuwa baba! Tena mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo malaria kali ya juzijuzi inaweza kuonekana kwenye karatasi ya leo. Jibu baya hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi kabla mtu hajapewa jina lolote. Mke akiliona jibu hilo, adabu yake ni kulifunga kinywani. Lisifike kwa dada zake, wala lisihifadhiwe liwe silaha ya siku watakayogombana.

Kuhusu ule mwaka mmoja, watu wengi huuhesabu vibaya. Waganga husema ndoa ichunguzwe baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, au miezi 6 ikiwa mke amepita miaka 35. Neno zito hapo ni kukutana mara kwa mara. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Allen Wilcox walichapisha uchunguzi wa wanawake 221 wa North Carolina, wakaonyesha kwamba mimba hushikwa ndani ya siku 6 tu za kila mzunguko, zinazoishia siku yai linapotoka. Mvuvi wa ndagala hushinda ziwani usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapong'aa, kwa sababu taa yake haivuti samaki tena. Mchimbaji wa dhahabu wa Misisi hurudi nyumbani baada ya miezi. Mfanyabiashara huenda Kalemie na boti. Ndoa za namna hiyo zinaweza kumaliza mwaka mzima zikiwa zimekutana katika siku zile 6 mara mbili au tatu tu, na hilo ni jambo la kalenda kabla halijawa ugonjwa. Wakae wapange. Hata wale wanaolala kitanda kimoja kila siku, wakiwa vijana na wenye afya, kila mwezi bahati yao ni kama moja kati ya nne au tano, na zaidi ya 80 kati ya 100 hufanikiwa ndani ya mwaka.

Wako ambao hawapaswi kungoja mwaka uishe: mke ambaye hedhi yake hupotea miezi na miezi, aliyewahi kuugua tumbo la chini kwa homa na uchafu, aliyepata maambukizo baada ya kuzaa au mimba kutoka, na mume aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa korodani au zikavimba kwa ugonjwa. Historia ya nchi hii inajua sababu yake. Uchunguzi wa idadi ya watu uliofanyika Kongo kati ya 1955 na 1957, ambao Anatole Romaniuk aliuandikia kwa kirefu, ulikuta sehemu za kaskazini, huko Equateur na Uele, zina wanawake wengi ajabu wasio na mtoto, wakati Kivu ilikuwa ikijaa watoto. Magonjwa ya zinaa, yanayoziba mirija ya kike na ya kiume pia, yalikuwa sababu kubwa. Penisilini ilipoenea, kizazi kilianza kurudi. Ni wanawake wangapi walikuwa wamekwisha kufukuzwa ndoani kwa kuitwa wenye laana?

Hofu hupenda karatasi isiyoeleweka. Mke anaambiwa apime progesteroni siku ya 21, anapima, linarudi jibu la chini, analia usiku kucha. Lakini siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 angepaswa kupima kama siku ya 28, wiki moja kabla ya hedhi inayofuata. Au anapimwa AMH, homoni inayokadiria akiba ya mayai, na kuambiwa akiba ni ndogo. Mwaka 2017 Anne Steiner na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 750 wa miaka 30 hadi 44 waliokuwa wakianza kutafuta mimba: wenye AMH ndogo walishika mimba kwa kawaida sawa na wengine. Namba hiyo inamsaidia daktari kupima kiasi cha dawa za kuchochea mayai. Haisemi kwamba mlango umefungwa. Na kuna ndoa nyingi, 15 hadi 30 katika kila 100 zinazochunguzwa, ambazo vipimo vyote vinatoka vizuri na mtoto bado hajaja. Hilo nalo ni jibu, ingawa linauma kwa namna yake.

Kwa hiyo kabla ya kutoa damu au pesa, wanandoa waulize mambo matatu: kipimo hiki kinatafuta nini, kinafanywa siku gani, na jibu lake litabadilisha nini katika matibabu. Kama halibadilishi kitu, pesa ibaki nyumbani. Karatasi zote ziwekwe pamoja ndani ya plastiki inayofungwa. Watu wa Mulongwe hawahitaji kuelezwa kwa nini, baada ya mto wao kufurika Aprili 2020 na kubeba nyumba na vilivyomo. Anayevuka Kavimvira kwenda Bujumbura, au anayepandisha uwanda wa Ruzizi kwenda Bukavu, akiwa na karatasi za zamani mkononi, haanzi upya kwa gharama mpya.

Kipo kipimo kimoja kinachohitaji kutajwa peke yake. Radio ya mirija hufanywa hedhi ikishakatika na kabla yai halijatoka: daktari huingiza dawa ya rangi kupitia mlango wa kizazi, kisha picha huonyesha kama mirija iko wazi. Wengi husikia maumivu kama ya hedhi kali, yanayopita upesi, na dawa ya maumivu inayonywewa mapema kwa ruhusa ya daktari husaidia. Lakini Kivu Kusini imepitia vita tangu 1996, na miongoni mwa wanawake wanaolala kwenye meza hiyo wamo waliobakwa. Mwili una kumbukumbu. Mwanamke anaweza kuganda, kutetemeka, au kusukuma mkono wa mganga bila kukusudia, na si utoto wala ukaidi. Ana haki ya kuomba mwanamke mwenzake awepo, kuelezwa kila hatua kabla haijafanyika, na kusema simama. Mganga mwenye adabu hasubiri kuombwa. Na hapaswi kumwuliza habari za zamani mbele ya mume, ambaye pengine hajui. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege huko Bukavu mwaka 1999, ilijenga utaratibu wa kutibu mwili na moyo pamoja, na katika jimbo lote wapo wasaidizi wa kisaikolojia waliozoea maneno haya. Mwanamke asiyelala, asiyekula, au anayeanza kuona heri afe, apelekwe kwao hata kabla ya kipimo kinachofuata.

Sasa lile shauri linalotolewa kila kona: acha kuwaza, ukituliza moyo utapata. Wanaolitoa wana upendo, ila wanaacha mzigo mpya mlangoni. Mwaka 2011 Jacky Boivin na wenzake walikusanya tafiti 14 za wanawake 3,583 waliokuwa wakitibiwa uzazi kwa msaada wa maabara, wakatazama kama wenye wasiwasi mwingi kabla ya matibabu walishindwa zaidi. Hawakukuta hivyo. Mwanamke aliyekuwa na hofu alipata au alikosa kama mwenzake aliyetulia. Wasiwasi utunzwe kwa sababu unamwumiza mtu aliye hai, na hiyo ni sababu tosha. Usigeuzwe kosa la kumshitakia kwamba ameufunga mwenyewe uzazi wake.

Kuutunza kuna njia za kawaida tu. Kipimo cha mimba cha mkojo kinunuliwe siku hedhi ilipotarajiwa na ikakosa kufika, si kila asubuhi tangu wiki iliyotangulia, kwa maana homoni kinayoitafuta haijatosha. Mume na mke wachague saa ya kulizungumza jambo hili, labda jioni moja kwa wiki, ili chakula kingine kiliwe kwa habari nyingine. Wachague mtu mmoja wa kumweleza. Mitishamba anayoitumia mke, na chupa zilizoletwa na shangazi, vyote vitajwe kwa daktari bila kuficha, na daktari asimkaripie aliyesema kweli.

Uvira ni mji wa makanisa, na wasomaji wa Biblia wanamjua Hana, mke aliyekuwa hajapata mtoto. Kila mwaka familia yao ilipopanda kwenda Shilo kuabudu, Penina, mke mwenzake mwenye watoto, alimchokoza hata akashindwa kula. Na kuhani Eli, alipoiona midomo yake ikicheza bila sauti, alimdhani amelewa. Wote wawili wangali nasi. Penina ni jirani anayemwuliza mgeni wa harusini ana watoto wangapi huku anajua. Eli ni kiongozi wa maombi anayewaita mbele wanawake wasiozaa wasimame kanisa zima liwatazame. Eli, kwa sifa yake, alisikiliza maelezo akageuza neno lake kuwa baraka. Kuombewa ni faraja kubwa kwa wengi. Mwenye haja na aulizwe kwanza, faraghani, kama anataka jina lake litajwe.

Mama mkwe anaposema, mwenye kumjibu ni mwanawe. Mke akijibu ataitwa mkosa adabu, akinyamaza atameza sumu. Mume na aende kwa wazazi wake mwenyewe, aketi kwa heshima, aseme: mama, tunapimwa sote wawili, kukiwa na habari nitaileta mimi, naomba usimwulize tena. Hana haja ya kutaja namba wala ugonjwa wa nani.

Na rafiki aliyeshika mimba upesi, asiifiche kwa mwenzake anayengoja mpaka tumbo litangulie kusema, wala asimtangazie katikati ya wanawake wanaopiga vigelegele. Amtafute peke yake, au ampelekee ujumbe kwenye simu, ili mwenzake apate nafasi ya kulia kidogo kabla ya kuja kumpongeza. Akichelewa kuja, asimhesabie.