Hewa ni Amana, Sheria ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Amma baad.



Wiki chache zilizopita, baada ya Swala ya Ijumaa, nilitembea kurudi nyumbani Nyakabanda pamoja na rafiki yangu anayemaliza shahada ya sheria mwaka huu. Alikuwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kazi katika kampuni yenye mshahara mzuri. Ya pili ni mafunzo ya kazi katika shirika linalowapa wanyonge msaada wa sheria bila malipo, na posho yake haitoshi hata kodi ya chumba. Akaniuliza: "Wewe ndiye unayesoma dini. Dini inasemaje hapa?"

Nilikuwa na njaa, na jua lilikuwa kali. Nikamjibu haraka: "Halali ni halali. Chukua penye pesa, kisha utoe sadaka." Akacheka, tukaagana.

Jibu lile halikuwa la uongo. Mshahara wa halali ni neema, na mkono unaotoa ni bora kuliko unaopokea. Lakini usiku ule jibu langu lilinikosesha raha, kwa sababu nilizungumza juu ya sheria kana kwamba ni bidhaa ya dukani, na kwamba swali pekee ni bei. Nilisahau ninaishi mtaa gani na katika nchi gani. Leo namjibu upya, na nyinyi mkiwa mashahidi.

Bibi yangu anaishi nasi Nyakabanda. Redio ikipandishwa sauti ghafla, yeye huinuka na kuizima, hata kama ni muziki tu. Tulipokuwa watoto tulidhani ni uzee. Baadaye tukaelewa kwamba mwaka 1994 alisikia kwa masikio yake yale tunayoyasoma sisi vitabuni.

Kituo cha RTLM kilianza kutangaza hapa Kigali Julai 1993. Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo kilitia saini mkataba na serikali, na ndani yake kiliahidi kutotangaza kipindi chochote cha kuchochea chuki, fujo au mgawanyiko. Basi kanuni ilikuwepo, na saini ilikuwepo. Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliwaita wakuu wa redio hiyo tarehe 26 Novemba 1993 na tena tarehe 10 Februari 1994, akawakumbusha ahadi yao na kuwaonya. Hawakujali. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, waziri huyo aliuawa. Redio ile iliendelea kutangaza, ikitaja watu kwa majina na mahali walipo, na wauaji wakisikiliza vizuizini.

Hata nyumba ya Mwenyezi Mungu haikusalimika. Katika kesi iliyosikilizwa Arusha, shahidi alieleza habari za watu waliokimbilia msikiti wa kituo cha Kiislamu hapa Nyamirambo, ule tunaouita kwa Kadafi. Redio ilitangaza kwamba ndani mna maadui wenye silaha, kisha msikiti ukavamiwa na watu wakauawa. Wengi wetu huswali pale. Tunapoweka paji la uso chini, tukumbuke kwamba waliokufa hapo walitanguliwa na tangazo la redio.

Sasa, rafiki yangu wa sheria, nisikilize, maana hapa ndipo swali lako lilipo. Katika habari hii wamo wanasheria wawili.

Wa kwanza ni Jean-Bosco Barayagwiza. Alisoma sheria, akawa afisa wa juu katika Wizara ya Mambo ya Nje, akawa mmoja wa waanzilishi wa chama cha CDR na wa redio ya RTLM. Waziri alipotoa maonyo yake, Barayagwiza alikuwa miongoni mwa waliokaa upande wa redio. Alijua maana ya mkataba kuliko mtu yeyote wa kawaida, na ujuzi huo aliutumia kuwakinga waliouvunja.

Wa pili ni Joseph Kavaruganda, Rais wa Mahakama ya Katiba. Alisimama na sheria ilipokuwa hatari kusimama nayo, akatishwa, hakuhama msimamo. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 askari walimchukua nyumbani kwake, akauawa.

Wote wawili walisoma sheria. Wote wawili wangeweza kusema kazi yao ni halali. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na wengine, ametufundisha kwamba makadhi ni wa aina tatu: mmoja ni wa Peponi, naye ni aliyeijua haki akahukumu kwayo; wawili ni wa Motoni, aliyeijua haki akaiacha, na aliyehukumu watu kwa ujinga. Tazameni kwamba elimu peke yake haikumwokoa yule wa pili. Elimu ndiyo iliyomzidishia dhambi.

Wala tusidhani maneno haya ni ya watu wengine. Tunapenda kusimulia jinsi Waislamu wengi wa Nyamirambo na Biryogo walivyowaficha majirani zao, na ni kweli, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini katika ile kesi ya vyombo vya habari walihukumiwa watu watatu: Ferdinand Nahimana, profesa wa historia, Barayagwiza, mwanasheria, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Huyo wa tatu alikuwa Mwislamu. Jina la Kiislamu halikuizuia kalamu yake. Mtu anaweza kuswali nasi safu moja, kisha akaenda kuandika maneno ya kuua watu. Jambo hili tuliseme sisi wenyewe, tena katika jarida letu.

Hebu turejee kwenye Kitabu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 105, Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume wake ahukumu kwa haki aliyomwonyesha, na anamkataza kuwa mtetezi wa wanaofanya hiana. Wafasiri wengi wanasimulia sababu yake: mtu mmoja wa Madina, katika watu waliojiita Waislamu, aliiba deraya. Alipoona atagundulika, akamsingizia Myahudi asiye na hatia. Jamaa zake wakaja kwa Mtume kumtetea, kwa kuwa ni wao. Aya zikateremka kumsafisha yule Myahudi na kumfichua mwizi. Tafakarini hilo. Qur'ani iliteremka kumtetea mtu asiye wa dini yetu dhidi ya mtu wa upande wetu. Kama kuna aya moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria Mwislamu angeanza nayo, mimi naona ni hii.

Na katika Suratul Maidah, aya ya 8, tunaamrishwa kwamba kuwachukia watu kusitufanye tukaacha uadilifu. Mfano wake umo katika kesi hiyohiyo. Barayagwiza alikaa mahabusu muda mrefu bila taratibu kufuatwa. Novemba 1999 majaji wa rufaa waliamuru aachiwe. Uamuzi huo ulibadilishwa Machi 2000 na kesi ikaendelea, lakini alipohukumiwa tarehe 3 Desemba 2003, adhabu yake ilipunguzwa kwa sababu haki zake zilikiukwa. Tarehe 28 Novemba 2007 rufaa ikafuta baadhi ya makosa, yakiwemo yaliyomhusu kwa matangazo ya redio, ikathibitisha mengine, akabakiwa na kifungo cha miaka 32. Najua wapo waliokasirika, na hasira yao inaeleweka. Lakini hukumu inayofuata sheria hata kwa mtu kama huyo ndiyo inayosimama mbele ya historia. Mwanasheria anayelinda utaratibu analinda pia kilio cha aliyedhulumiwa, kisije kikapotea kwa kosa la makaratasi.

Pengine mtu wa uhandisi au wa uandishi wa habari atasema: mimi haya yananihusu nini? Yanakuhusu. Imam Bukhari amepokea mfano alioutoa Mtume (S.A.W.) wa watu waliogawana nafasi katika jahazi. Wa chini walichoka kupanda juu kufuata maji, wakaona watoboe upande wao bila kumuudhi mtu. Wakiachwa, wote watazama. Wakizuiwa, wote wataokoka. Masafa ya redio ni jahazi la namna hiyo. Hakuna aliyeyaumba, na anayepewa leseni hapewi umiliki wa hewa. Anapewa amana ya watu wote. Akitoboa upande wake, maji hayachagui chumba.

Maulamaa wetu waliiita kazi ya kuzuia kutoboa huko hisba. Muhtasibu alizunguka sokoni kukagua mizani na vipimo, mnyonge asipunjwe. Leo anayekaa katika ofisi ya RURA kukagua masharti ya leseni, au anayepokea malalamiko ya wasikilizaji katika baraza la kujisimamia la wanahabari lililotambuliwa na sheria ya mwaka 2013, anafanya kazi ya aina hiyo, akijua au asijue. Imam Ghazali alitaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Redio moja mbaya inaweza kuyagusa yote matano katika kipindi cha saa moja.

Lakini hisba ina mipaka. Muhtasibu haruhusiwi kupeleleza nyumba za watu, wala kuziba mdomo wa anayelalamikia dhuluma. Anayedhibiti utangazaji akilitumia neno "chuki" kumnyamazisha mwenye haki, naye anatoboa jahazi. Maslahi ya umma ni ya umma. Si ya kampuni, si ya ofisi, wala si ya kundi letu. Na tusijitoe wenye mimbari. Mwaka 2018 kituo kimoja cha dini hapa Kigali kilinyang'anywa leseni kwa sababu ya mahubiri yaliyowadhalilisha wanawake. Hakikuwa chetu, lakini tusicheke. Ni mara ngapi tumesikia maneno kama hayo kwenye kipaza sauti chetu tukanyamaza?

Basi tufanye nini? Kwanza, tusahihishe nia. Anayekwenda kampuni na aende, awe mkweli katika mikataba, akatae kuandika uongo hata kama bosi anasubiri. Anayeweza kuvumilia posho ndogo kwa miaka miwili au mitatu, asidhani anapoteza ujana wake. Zipo ofisi za MAJ katika kila wilaya kati ya wilaya zetu 30, na humo mjane mwenye mgogoro wa kiwanja anasikilizwa bila kulipa. Na tukumbuke kwamba Gacaca zilipofungwa Juni 2012 zilikuwa zimesikiliza kesi karibu milioni mbili, na waamuzi wake, inyangamugayo, walikuwa raia waliochaguliwa na majirani zao, wakikaa chini ya miti bila mshahara. Hawakuwa na shahada. Sisi wenye shahada tutatoa udhuru gani?

Pili, wanaosoma uandishi wa habari na mawasiliano wasiiogope kazi ya udhibiti. Ni kazi isiyo na umaarufu, ya kusoma mafaili na kusikiliza kanda, lakini umeona mkataba wa mwaka 1993 ulivyofanywa karatasi tupu kwa kukosa watu na nguvu nyuma yake.

Tatu, kila mmoja wetu ana kituo cha utangazaji mfukoni. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Mtume (S.A.W.) amesema, kwa maana ya maneno yake, kwamba yatosha kuwa uongo mtu kusimulia kila anachosikia. Kabla ya kusambaza ile sauti kwenye kundi la WhatsApp, jiulize kama ungeisema mbele ya yule inayemtaja.

Rafiki yangu, hili ndilo jibu langu. Sikuamulii, maana wazazi wako na kodi yako unavijua wewe. Ila usiulize tu nani atakulipa. Uliza pia nani atakayesimama Siku ya Kiyama na kusema: nilipokosa wa kunitetea, huyu alinitetea. Kisha swali istikhara, uchague. Ukichagua posho ndogo, chakula cha jioni kwetu Nyakabanda kipo. Bibi amesema nikuambie hivyo.

Ewe Mola, warehemu waliouawa katika nchi yetu, wafariji walionusurika, tujaalie elimu isiyotugeukia kuwa hoja dhidi yetu, na utufishe tukiwa upande wa haki. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.