Tafakari ya Ramadhani: Kadi Yenye Jina Moja



Picha ya Eid utawatumia watu mia kwa kidole kimoja. Yule mliyenuniana naye yumo humohumo. Atajuaje kama umemkusudia?

Leo baada ya alasiri kunja karatasi ya manila, kata mwezi na nyota, bandika kwa gundi. Mpaka hapo ni ufundi tu, hata mtoto wa madrasa anaweza. Sasa andika jina lake, na "nisamehe". Umeona mkono ulivyo mzito? Thamani ya kadi iko hapo.

Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, mbora wao ni anayeanza salamu.

Uko Ujiji, yeye yuko Kibirizi? Ipeleke mwenyewe, kabla mwezi haujaandama.

Allah atutakabalie swaumu zetu. Amin.