Saa ya Kuondoka

Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi ya dagaa pale Kibirizi, Kigoma, hukaa imefungwa. Taa ya mvuvi haina kazi mbele ya mbalamwezi, basi watu hushona nyavu zao na kulala. Hata giza likirudi, mwenye chombo husimama kwanza mchangani akilitazama ziwa. Upepo asipouelewa, hurudi nyumbani. Hakuna anayemwita mwoga, wala sijawahi kumsikia mtu wa Ujiji akisema kwamba mvuvi huyo amekimbia riziki.

Mji huohuo humpigia makofi mwanamuziki anayeondoka Kasulu saa 8 usiku.

Kazi yenyewe huenda hivi. Promota hulipa nusu ya fedha kabla, nusu baada ya shoo. Kundi huondoka Kigoma mchana, hufunga vyombo jioni, hupiga hadi usiku wa manane. Dereva naye yumo humo ukumbini: amebeba spika, amesimama mlangoni kusaidia kiingilio, pengine shabiki amemnunulia bia mbili. Ikifika saa ya kugawana, mtu mmoja hupiga hesabu ya vyumba vya gesti na chai ya asubuhi ya watu kumi. "Tukiondoka sasa, hiyo nayo tunagawana." Wote huitikia, maana kila mmoja ana kodi ya chumba inayomsubiri.

Nami nimewahi kuitikia. Nilikuwa kijana wa kubeba vyombo, tukitoka Kibondo, nimelala juu ya spika ndani ya Noah, nikaamshwa na kelele za matairi kwenye kokoto za kando ya barabara. Dereva akasema, "Samahani kaka, nilifumba macho kidogo tu." Tukacheka wote, kisha tukaendelea na safari. Sasa nina watoto wenye umri ule, na kicheko kile kinanitia hofu kuliko zile kokoto.

Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde linapita mita 22. Fumba macho sekunde nne, umeshapita karibu uwanja mzima wa mpira na hakuna aliyeshika usukani. Mwili nao, kati ya usiku wa manane na alfajiri, hudai usingizi wake kwa nguvu kuliko saa nyingine yoyote. Kahawa huuchelewesha kidogo, muziki wa kelele haumzuii mtu kusinzia.

Usiku wa tarehe 21 Machi 2011, Coaster iliyobeba kundi la Five Stars Modern Taarab lililokuwa likirejea Dar es Salaam kutoka kwenye maonyesho mkoani Mbeya ilipata ajali Mikumi. Watu 13 walikufa, mwimbaji Issa Kijoti akiwa mmoja wao. Hebu ifikirie hesabu hiyo kwa jicho la mtu wa muziki. Kundi la taarabu ni waimbaji waliozoeana pumzi, ni mpiga kinanda anayejua mwimbaji gani atachelewa kuingia na nani atawahi. Uelewano huo hujengwa kwa miaka ya mazoezi, na safari moja ya kurudi ilitosha kuuzika.

Miaka minane kabla yake, Machi 2003, mwanamuziki Issah Mmari, ambaye Kenya nzima ilimjua kwa jina la E-Sir, alikufa kwenye ajali akirudi Nairobi baada ya onyesho la Nakuru. Alikuwa na miaka 21. Mwanamuziki mwenzake Nameless, aliyekuwa naye garini, alinusurika. Novemba 2012, mchekeshaji na mwanamuziki Hussein Mkiety, Sharo Milionea wetu, alikuwa akiendesha peke yake usiku kuelekea kwao Muheza. Hakufika. Na wazee hawajamsahau Mbaraka Mwinshehe, fundi wa gitaa wa Morogoro, aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, na kufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34. Nyimbo zake bado zinapigwa kwenye harusi za watu ambao wazazi wao walikuwa hawajaoana alipozikwa. Huwa najiuliza gitaa lile lingekuwa limefika wapi mwaka 1999.

Ajali hizi hazikuwa na chanzo kimoja, na sitamtwika marehemu yeyote lawama. Ninachokikataa ni lile neno letu la matangani: siku zake zilifika. Naliamini, maana ajali haina kinga na ahadi ni ya Mungu. Lakini mvuvi wa Kibirizi anaamini hivyohivyo, na bado huufunga mtumbwi wake. Siku ya kufa hatuipangi. Saa ya kuondoka Kasulu tunaipanga wenyewe, mezani, fedha zikiwa mkononi.

Wakubwa wetu hawakuwa na busara kuliko sisi, ila usafiri wao uliwasaidia. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi mpiga muziki aliyetaka kuja huku alipanda treni. Alilala ndani ya behewa, na aliyeiendesha alikuwa mtu wa zamu, anayepokewa na mwenzake. Lami imetupa uhuru wa kuondoka saa yoyote, nasi tumechagua saa mbaya kuliko zote.

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walikusanyika wakaimba pamoja "Leka Dutigite". Tangu hapo ni vigumu kumwambia kijana wa Mwanga au Gungu kwamba muziki si kazi. Basi tuufanye kama kazi. Malazi yaandikwe kwenye makubaliano kabla ya bei ya vyombo, na promota asiyelipia gesti aambiwe kwamba hajalipa. Dereva asibebe spika wala asikanyage ukumbini. Ale mapema, alale, na ufunguo wa gari alale nao chumbani kwake.

Mama zetu hawalali watoto wakiwa safarini. Hukaa kitandani na simu kifuani. Saa 8 usiku simu inalia. "Mama, shikamoo. Tumemaliza, tunalala hukuhuku Kasulu. Tutaondoka baada ya chai." Mama anaitikia marahaba, anaizima taa, anageukia ukutani.