Deni la Kiongozi

Je, kiongozi wa timu hupimwa kwa vikombe alivyoleta, ama kwa watu aliowalea? Katika viwanja vya shule zetu za Meru na Embu jibu huonekana jepesi. Timu ikishinda, mwalimu wake hubebwa mabegani. Ikishindwa, hulaumiwa hata na wasiojua kanuni za mchezo. Lakini ushindi ni wa siku moja, na mtu ni wa maisha.

Na tutazame mfano wa jirani zetu wa Uganda. Filamu iitwayo Queen of Katwe, iliyotolewa mwaka 2016 na kuongozwa na Mira Nair, yasimulia habari za kweli za Robert Katende, aliyewafundisha sataranji watoto wa Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala. Hakuanza kwa hotuba. Alianza kwa uji, maana alijua kwamba mwenye njaa hana masikio. Kati ya waliovutwa hapo alikuwamo Phiona Mutesi, binti aliyeuza mahindi wala hakujua kusoma. Katika filamu, anayemwonyesha jinsi kete ziendavyo ni mtoto mdogo kuliko yeye. Hapo pana hekima: kiongozi mwema hung'amua kwamba wafuasi wake nao wana la kufundishana. Na Phiona alipoanza kuona mbali kuliko mwalimu wake, Katende hakumwonea wivu, bali alifurahi. Hata kazi ya uhandisi yenye mshahara mnono aliikataa ili asiwaache watoto wale.

Hata hivyo, pana hoja nzito upande wa pili, nayo ni ya mama yake Phiona, anayeigizwa na Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o. Mama huyo aliogopa: mtoto akiisha kuonyeshwa dunia pana, kisha akarudi kibandani, moyo wake utakaa wapi? Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Mwaka 2010 Phiona alikwenda Khanty-Mansiysk, nchini Urusi, kwenye mashindano makuu ya sataranji ya mataifa. Filamu yamwonyesha akishindwa huko, akavunjika moyo, na nyumbani akajiona mgeni.

Je, Katende alikosea kumwinua? La, hakukosea, kwani kumficha mtoto uwezo wake kwa kuogopa machozi yake ni kumdhulumu. Lakini kuinua huko kuna deni. Ampandishaye mwenziwe mtini asiondoe ngazi. Katende hakumkemea Phiona kwa kushindwa, wala hakumtafuta mwingine wa kuleta sifa. Alibaki naye mpaka akaishika tena kete. Kwa hiyo mama alijibiwa kwa uaminifu wa mtu, jambo lipitalo maneno matamu.

Basi, ewe kijana, huenda kesho ukachaguliwa nahodha wa timu au kiranja wa bweni. Utasifiwa siku ya kushinda, na sifa hizo zitakuwa tamu. Ila jiulize swali moja: yule aliyekosa bao, akaondoka uwanjani peke yake ameinamisha kichwa, nani alikwenda naye? Ukiwa ni wewe, umekwisha kuanza kuongoza.