Mkasi wa Utah

Mwaka 1998, katika duka moja la video mjini American Fork, jimbo la Utah, Marekani, mteja alikuwa akileta kanda yake ya Titanic pamoja na dola 5. Akirudi, anakabidhiwa kanda ileile, ila Kate Winslet hachorwi tena akiwa uchi. Utah ndiko nyumbani kwa Wamormoni, watu wanaochunga sana kinachotazamwa mbele ya watoto, na wateja hawakukosekana.

Ikazuka kampuni ya CleanFlicks. Hawa hawakusubiri kanda ya mtu. Walikata matusi, uchi na damu, wakarudufu filamu iliyochujwa, wakauza na kukodisha. Utetezi wao ulikuwa mtamu: kila nakala tuliyochuja tumeinunulia ya asili, sasa mwenye filamu kapunjwa nini? Nakiri, hata mimi ningewaitikia.

Kilichowaponza ni kujiamini. Mwaka 2002 upande wao ndio uliotangulia mahakamani, Denver, kuomba watangazwe kuwa hawana kosa. Walioshtakiwa ni waongozaji wa filamu 16, wakiwemo Steven Soderbergh, Martin Scorsese na Steven Spielberg. Studio kubwa nazo zikaingia kesini, na mshtaki akageuka mshtakiwa.

Julai 2006 Jaji Richard Matsch akaamua. Kuchuja si kutunga. Hapakuongezwa kitu kipya, na nakala zilitengenezwa bila idhini. Kwamba wazazi walizipenda, hilo halikuwa lake kupima. Akaamuru diski zote zikabidhiwe.

Ajabu ni kwamba mwaka mmoja kabla, Bunge la Marekani lilikuwa limeruhusu mashine inayoruka matukio wakati familia inatazama filamu halali nyumbani, mradi isizalishe nakala iliyobadilishwa. Kampuni ya ClearPlay, iliyotumia njia hiyo, ikasalimika. Familia zilikuwa zilezile na matusi yaliyorukwa ni yaleyale; nakala tu ndiyo haikuwepo.

Nanyi ndugu zangu mnaoingiza sauti ya Kiswahili juu ya filamu za Kihindi na Kichina, kisha mkazichoma kwenye diski za kuuza: Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuirudufu na kuitafsiri. Diski halisi uliyoilipia kwa fedha yako haikupi hata moja kati ya hizo mbili.