Anayekutania Ndiye Atakayekuzika

Katika misiba ya Kizaramo ya zamani, aliyeleta kicheko alikuwa Mnyamwezi. Aliingia bila kupiga hodi, akauliza kwa sauti ni nani huyu aliyekufa bila kumlipa deni lake, akauiga mwendo wa marehemu, kisha akajilaza njiani kuwazuia wanaokwenda kuzika mpaka apewe chochote. Wafiwa hawakumkasirikia, maana mtani hakasirikiwi. Na mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa ameamka alfajiri kuchimba kaburi, na wenzake wakachota maji na kupasua kuni ili wenye msiba wapate kulia bila kushughulika na jiko.

Huo ndio utani tulioachiwa na wazee wetu. Leo wengi tumebaki na nusu yake ya kicheko, na nusu ya kazi tumeiacha. Mimi naitetea hiyo nusu ya pili, kwa sababu naamini ndiyo iliyowawezesha watu wasiojuana, wengine wakiwa na damu ya vita mikononi, kuishi pamoja kwa vizazi.

Wasomi waliuona utani mapema. Mfaransa Marcel Mauss aliandika juu yake katika miaka ya 1920, na A. R. Radcliffe-Brown akatoa makala yake maarufu mwaka 1940. Hapa kwetu alikuwapo R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Pamoja na ndege wake, alikusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika na kuzichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1940. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafanya kazi kubwa zaidi, ikisimamiwa na Stephen Lucas, ya kukusanya maandiko juu ya utani katika makabila mengi ya nchi.

Wazee walipoulizwa utani ulianzaje, jibu moja lilirudi mara kwa mara: tulipigana. Wangoni waliingia kutoka kusini katika karne ya 19 wakiwa jeshi, wakateka mifugo na watu. Wao na Wahehe walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880. Leo Mhehe na Mngoni ni watani. Hakuna aliyesahau vita vile, na hakuna aliyeombwa avisahau. Vinasemwa waziwazi, kwa matusi yanayochekesha, na anayetukanwa hujibu kwa tusi kubwa zaidi. Wagombanao ndio wapatanao, na waliopatana kwa njia hii walijipa ruhusa ya kuyataja yaliyowaumiza bila kuyafanya yaumize upya.

Jibu la pili lilikuwa la njia ya misafara. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, safari ya miezi kwa miguu, wakipita katika nchi za watu wasiokuwa na undugu nao wowote. Mpagazi akishikwa na homa njiani, msafara hauwezi kumngoja. Ataachwa kwa nani? Aliachwa kwa watani. Wao walimlisha akiwa hai na kumzika akifa, wakijua kwamba mtu wao akikwama magharibi naye atapokewa vivyo hivyo. Baadaye ikawa hivyo katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako vibarua kutoka kila upande wa nchi walikufa mbali na ndugu zao.

Sasa tazama wasomi wa leo wanavyolitafuta jambo hili la kuishi na wasio ndugu. Tangu mwaka 1981 kuna utafiti mkubwa wa maadili unaofanyika katika nchi nyingi duniani, na moja ya maswali yake hukutaka utaje watu ambao usingependa wawe majirani zako. Ni swali zuri, na majibu yake yanafundisha mengi. Lakini ulimi ni mwepesi. Mtu atasema anawapenda majirani wote, na siku ya shida usimwone. Mzee wa zamani angeuliza: ukifa kesho ugenini, nani atakuchimbia kaburi? Swali hilo halijibiwi kwa maoni, linajibiwa kwa majina ya watu.

Robert Putnam, baada ya kuzichunguza serikali za mikoa ya Italia kwa takriban miaka 20, aliandika mwaka 1993 kwamba utawala huwa bora pale ambapo raia wamezoea kushirikiana katika vyama vyao vya hiari, hata kama ni kwaya au klabu za mpira. Kwa kipimo hicho utani ni asasi ya kiraia kamili, iliyodumu bila msajili wala mfadhili. Na haukumtaka yeyote aache alivyo. Mluguru alihesabu ukoo kwa mama, Mngoni kwa baba. Mmoja akaswali, mwingine akaenda kanisani. Siku hizi mikutano ya mazungumzo kati ya tamaduni huanza kwa kutafuta tunachofanana. Wazee walianza kwa kugawana wajibu, na mengine yakafuata yenyewe.

Kuna utafiti mmoja ninaourudia mara nyingi. Mwaka 2004 Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilinganisha wilaya mbili za vijijini: Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Busia, makabila yalipochanganyika zaidi, michango ya shule ilipungua. Meatu mchanganyiko haukuleta hasara hiyo. Yeye aliieleza tofauti hiyo kwa siasa za ujenzi wa taifa: Kiswahili, mafunzo ya shuleni, taasisi za kijiji. Nakubaliana naye, ila naongeza langu: siasa ile iliwakuta watu ambao wengi wao walikwisha zoea kumwona mtu wa kabila jingine kuwa ana haki nyumbani kwao.

Sisemi kila kilichofanywa kwa jina la utani kilikuwa chema. Wapo wanaume waliowashika wanawake wasiotaka kushikwa, kisha wakasema ni utani tu. Huo ni uonevu, na hatuna sababu ya kuurithi.

Tunachorithi vibaya zaidi sasa ni kejeli tupu. Mtu hukaa na simu akalitukana kabila zima, akiambiwa umevuka mpaka anajibu kwamba wale ni watani wetu. Watani wako wangapi umewahi kukaa nao hospitalini? Ruhusa ya kumcheka mtu ilinunuliwa kwa ahadi ya kumzika. Asiyeishika ahadi hana ruhusa, na maneno yake ni matusi kama matusi mengine yoyote. Hata sisi mashabiki wa Simba na Yanga, tunaoitana watani wa jadi kila wiki ya mechi, tunapaswa kujiuliza kama jina hilo tunalistahili.

Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utani wa Niger katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ni heshima kubwa, lakini orodha haimpikii mfiwa chakula. Naviomba vyuo vyetu, Dar es Salaam na Dodoma, Mzumbe na Iringa, viwarudishe wanafunzi vijijini na katika mitaa ya zamani ya miji, wasiulize vichekesho peke yake. Waulize nani alimzika nani, nani alimlea yatima wa nani, na mtani aliyekwepa kazi alichukuliwa hatua gani. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya uhuru mwaka 1961 sasa amevuka 80. Wazee hao waulizwe mwaka huu, wangali wapo.